Kitanda cha ghorofa cha watoto: pima kabla hujalipa

Chumba cha watoto katika nyumba nyingi za kupanga za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hakizidi sana futi 10 kwa 10. Ukiweka humo vitanda viwili vya futi 3 kwa 6, tayari futi za mraba 36 kati ya 100 zimekwenda. Ongeza kabati la nguo na nafasi ya mlango kufunguka, watoto wanabaki na kijia cha kupita kiubavu. Ndiyo maana kitanda cha ghorofa, ambacho mafundi na wateja wao wanakiita deka au dabo deka, kimetoka kwenye mabweni ya shule na kuingia majumbani. Kinalaza watoto wawili kwenye futi za mraba 18, na sakafu iliyookolewa inatosha mkeka wa kuchezea au meza ya kufanyia kazi za shule.

Hesabu hiyo ni ya kweli, ila haijakamilika. Kitanda cha ghorofa kinamlaza mtoto kwenye kimo ambacho mtu mzima angefikiri mara mbili kuruka kutoka hapo, tena kinamlaza akiwa usingizini. Wazazi wengi wakienda kununua wanaangalia unene wa mbao, mng'aro wa vanishi na bei. Vitu vinavyoamua kama mtoto ataamka salama ni vingine kabisa: urefu wa kizuizi juu ya godoro, upana wa mianya, namna ngazi ilivyoshikwa, na kilichopo juu ya kichwa cha anayelala ghorofani. Vyote vinapimika kwa futi kamba. Na kwa kuwa kwetu vitanda vingi huchongwa kwa oda, kuanzia Keko ya Dar es Salaam hadi Gikomba ya Nairobi, mzazi anaweza kuvidai vipimo hivyo kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Anayenunua kitanda kilichokwisha kufungwa dukani hana nafasi hiyo.

Tuanze na namna watoto wanavyoumia. Mwaka 2008 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa wataalamu wa hospitali ya watoto ya Columbus, Ohio, waliopitia kumbukumbu za vyumba vya dharura vya Marekani kuanzia 1990 hadi 2005. Walikadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana karibu 36,000 walitibiwa kwa majeraha yaliyotokana na vitanda vya ghorofa. Takriban robo tatu ya majeraha hayo yalitokana na kuanguka, na sehemu iliyoumia zaidi ni kichwa na shingo. Nusu ya walioumia walikuwa hawajafika miaka 6. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba vijana wa miaka 18 hadi 21 nao waliumia kwa wingi, maradufu ya wale wa 14 hadi 17, na watafiti wakahusisha hali hiyo na mabweni ya vyuo na ya jeshi. Kwa hiyo ukubwa wa mtu peke yake si kinga. Kitanda chenyewe kina lake.

Kuhusu umri, kanuni za Marekani na viwango vya Ulaya vinakubaliana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 6 asilale juu. Australia wamekwenda mbali zaidi, wanasema chini ya miaka 9. Mimi naona 6 ichukuliwe kama mwanzo wa kufikiria. Mtoto wa miaka 7 anayejigeuza usiku kucha, anayetembea usingizini, au anayeamka mara kwa mara kwenda kukojoa huku macho nusu yamefumba, abaki chini hata kama mdogo wake ndiye mtulivu. Na familia yenye watoto wa miaka 3 na 5 bado haijafikia kununua deka, hata chumba kibane vipi. Kitanda cha kuvuta, kile ambacho cha pili kinajificha chini ya cha kwanza kwa magurudumu, kinawatosha kwa miaka kadhaa, na mchana kinachukua nafasi ileile ya futi 18 za mraba.

Kuna hatari nyingine ya umri inayosahaulika: mtoto ambaye halali kwenye kitanda hicho hata kidogo. Kaka yuko shule, mama yuko jikoni, na mdogo wa miaka 2 ameigundua ngazi. Agosti 2022 wamiliki wa vitanda karibu 40,000 vya mtindo mmoja huko Marekani waliambiwa waache kuvitumia. Mtoto wa miaka 2 wa Ohio alikuwa amefariki mwaka 2018 baada ya kunaswa kati ya kitanda na ndoano ya chuma iliyoshika ngazi. Mtoto wa umri huo hakuwa na kazi yoyote ghorofani. Kwenye nyumba yenye mtoto anayeanza kupanda vitu, ngazi inayoweza kufunguliwa asubuhi na kuwekwa pembeni ina maana kubwa, mradi usiku irudishwe na kufungwa kwa komeo au bolti. Ngazi iliyotundikwa tu bila kufungwa huchomoka mtoto anapoegemea nyuma.

Sasa kizuizi cha juu, ambako ndiko makosa mengi yanakofanyika. Kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 2000 inataka kizuizi kipande angalau inchi 5, yaani karibu sentimita 13, juu ya godoro. Ulaya na Australia wanataka sentimita 16. Angalia vizuri pale pa kuanzia kupima: ni juu ya godoro. Fundi yeye hupima kutoka kwenye chaga, kwa sababu anapochonga, godoro halipo karakanani. Anaweka ubao wa inchi 9, anaona umepanda vya kutosha, na kweli ukiuangalia kitanda kikiwa kitupu unaridhika. Kisha unakwenda dukani, unachagua godoro la inchi 8 kwa sababu unamtakia mwanao mema, unalipandisha juu, na kizuizi kilichobaki ni inchi 1. Mtoto akijigeuza mara moja yuko sakafuni.

Kwa hiyo godoro linachaguliwa kwanza, kizuizi kinafuata. Ghorofani godoro la inchi 6 linamtosha mtoto. Ukiongeza sentimita 16 za kinga juu yake, kizuizi kinatakiwa kiinuke sentimita 31 kutoka kwenye chaga, yaani zaidi kidogo ya futi moja. Mwambie fundi hivyo, umwandikie, kisha muombe achore mstari kwenye mguu wa ndani wa kitanda kuonyesha godoro lisivuke hapo. Vitanda vya viwandani vilivyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya vina alama hiyo, na penseli ya fundi inaweza kufanya kazi ileile. Upana nao uangaliwe. Godoro la futi 3 likiwekwa kwenye kitanda cha futi 3 na nusu linaacha pengo la inchi 6 ubavuni, na hilo ni pengo la kumnasa mtoto.

Jambo la mianya lina mantiki yake, na mzazi akiielewa hatahitaji kukariri. Mtoto akiteleza usingizini hutangulia kwa miguu. Kiwiliwili chake ni chembamba kuliko kichwa, hivyo uwazi unaopitisha kiuno na kifua unaweza kukizuia kichwa, naye akabaki ananing'inia kwa shingo. Ndiyo sababu kanuni ya Marekani inataka mwanya wowote kwenye muundo wa juu usifikie upana wa kupitisha kiwiliwili, yaani uwe chini ya inchi 3 na nusu, karibu sentimita 9. Kwenye ncha za kitanda cha chini, mwanya uwe mdogo kuliko huo au uwe mkubwa wa kutosha kuachia hata kichwa, zaidi ya sentimita 23. Katikati hapo, kati ya sentimita 9 na 23, ndipo pa kifo. Australia nao wanakataza karibu masafa hayohayo.

Pita kwenye karakana za mtaani ukiwa na vipimo hivyo kichwani, utaona tatizo mara moja. Mtindo unaopendwa ni mbao mbili za kulala, moja juu ya nyingine, zimeachana inchi 5 hivi ili kitanda kionekane chepesi. Zinapendeza, lakini mwanya huo uko katikati kabisa ya masafa ya hatari. Mwingine ni uwazi kati ya ubao wa chini wa kizuizi na godoro. Godoro likiwa jembamba, uwazi huo unapanuka, na mtoto anaweza kupenya chini ya kizuizi kilichowekwa ili kumlinda. Suluhisho ni rahisi na bei yake ni ndogo: ubao wa tatu katikati, au fito za kusimama zilizoachana inchi 3. Usione aibu kuchukua futi kamba na kupima mwanya mmojammoja mbele ya fundi. Anayejua kazi yake ataheshimu swali hilo.

Utasikia pia, "Mama, upande huu ukuta upo, kizuizi cha nini tena?" Fundi hasemi kwa ubaya, anakupunguzia gharama. Lakini kanuni ya Marekani inataka upande wa ukutani uwe na kizuizi kinachoenda mfululizo kutoka mwisho hadi mwisho, na ni upande wa pili tu unaoruhusiwa uwazi wa kupandia, usiozidi inchi 15. Ukuta wa nyumba zetu mara nyingi haujanyooka, chini kuna ukanda wa vigae, nyuma kuna soketi na plagi yake. Kitanda hakigusi ukuta sawasawa, na hata kikigusa leo, kesho watoto watakisukuma kwa kuruka. Nafasi ya vidole vinne inafunguka kati ya godoro na ukuta, na mtoto anaingia humo kimyakimya, bila kishindo cha kumwamsha mtu. Kuanguka kunasikika chumba cha pili, kunaswa hakusikiki. Ukibanwa na pesa, punguza nakshi za mchagoni, kizuizi cha ukutani kibaki.

Ngazi nayo inarudisha sehemu ya nafasi uliyookoa, na ni bora kulikubali hilo mapema. Ngazi iliyosimama wima haichukui sakafu, ila mtoto anayeshuka gizani hawezi kuona anapokanyaga. Iliyolala kidogo inaingia chumbani futi moja au zaidi, na ni rahisi kwa miguu midogo. Vipandio viwe bapa na vipana. Bomba la mviringo linaumiza nyayo na linateleza likiloa. Viachane kwa nafasi sawa, wazi zaidi ya sentimita 23, na ngazi iwe na mahali pa kushika juu ya usawa wa godoro. Zipo pia ngazi za makabati, ambazo kila kipandio ni droo. Zinaongeza futi moja na nusu au mbili kwenye urefu wa kitanda, hivyo ukuta wa futi 10 unabakiwa na futi 2 hivi. Hata hivyo kwa chumba kinachoweza kuzibeba ningezichagua, kwa sababu zinaondoa kabati la nguo na mtoto anashuka kama anavyoshuka ngazi za nyumba. Vyovyote uchaguavyo, futi 3 mbele ya ngazi zibaki wazi: pasiwepo meza ya kona kali, pasiwepo ndoo, pasiwepo baiskeli.

Kimo kinataka hesabu yake. Tuseme chaga za juu ziko futi 4 na nusu kutoka sakafuni. Weka godoro la inchi 6, umefika futi 5. Dari likiwa futi 8, mtoto anabaki na futi 3 za kukaa bila kujigonga, na chini ya hapo nisingeshuka. Usijaribu kuokoa kwa kushusha kitanda cha juu mpaka wa chini akose hewa na mahali pa kuketi. Viwango vya Ulaya vinataka angalau sentimita 75 kati ya vitanda viwili.

Halafu kuna pangaboi. Katika chumba cha futi 10 kwa 10, pangaboi la katikati liko futi 5 kutoka kila ukuta. Mapanga ya inchi 56 yana nusu kipenyo cha inchi 28, kwa hiyo ncha yake inapita futi 2 na inchi 8 tu kutoka ukutani. Kitanda cha futi 3 kinavuka hapo. Maana yake mapanga yanazunguka juu ya ukingo wa kitanda alichopigia magoti mtoto akitandika shuka. Mamlaka za Australia hushauri mita 2 kati ya kitanda cha ghorofa na pangaboi, umbali ambao chumba cha namna hii hakina. Hapa sioni njia ya kati: likiingia deka, pangaboi litolewe, na feni ya ukutani au ya kusimama ichukue nafasi yake. Feni itahitajika kweli, maana hewa ya moto hupanda, na kwenye nyumba ya mabati yenye dari jepesi, au isiyo na dari kabisa, usiku wa Februari wa Dar es Salaam humuelemea wa juu kwanza. Panga kitanda ili upepo wa dirisha uwafikie wote wawili, lakini wa juu asiweze kulifikia dirisha lililo wazi.

Chandarua hakikwepeki kwetu. Cha chini kifungwe kwenye pembe nne za fremu ya juu kwa kamba fupi. Cha juu kiwe cha pembe nne kinachoning'inia kutoka darini, kipana kiasi kwamba mwili wa mtoto hautagusana nacho, kwa kuwa mbu huuma kupitia wavu ulioshikana na ngozi. Mtoto afundishwe kukichomoa mwenyewe upande wa ngazi kabla ya kuteremka, asije akatia mguu kwenye neti gizani. Kamba ndefu zisiachwe zikining'inia, wala mikanda, wala kanga ya kuchezea pembea kwenye kitanda cha juu. Shingo za watoto hunasa humo. Na chandarua kilichochomekwa vizuri kisimdanganye mtu kwamba ni kizuizi, maana uzito wa mtoto unakipasua.

Mbao au chuma? Nitapita haraka, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuwa salama na vyote vinaweza kuwa hatari. Mninga na mkongo hudumu, ila ni ghali na vizito kuhamisha. Paini, nyingi ikitoka mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, inatosha kabisa ikiwa imekauka. Ubao mbichi husinyaa ndani ya nyumba, viungo vinalegea, kitanda kinaanza kulia na kuyumba. Kwenye chuma uliza geji ya paipu, ukijua kwamba namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 20 haifiki hata milimita 1. Ncha za paipu zizibwe, la sivyo kunguni watahamia humo. Viungo vikuu vifungwe kwa bolti na nati, visipigiliwe misumari, kwani misumari huchomoka kidogokidogo kila mtoto anapopanda, na kitanda kisichofunguka hakisafishiki wala hakihamishiki nyumba.

Kitu ambacho ningekikagua kwa macho mawili ni chaga za juu. Inama, ingia kitanda cha chini, angalia juu. Kila chaga iwe imelala juu ya ubao wa kubebea uliofungwa kwa skrubu na gundi kwenye mfumbati, na chaga yenyewe iwe imeshikwa ncha zote mbili. Chaga iliyowekwa tu bila kushikwa huteleza pembeni mtoto akiruka, na ikitoka inashuka pamoja na godoro na aliyelala juu yake, yote kwa wa chini. Kisha simama, shika tendegu la juu, utikise kwa nguvu. Kitanda kikicheza karakanani, nyumbani kitacheza zaidi. Pale mwenye nyumba anaporuhusu, kifungwe ukutani kwa kipande cha chuma pande mbili.

Moto nao uzungumzwe, kwa sababu Afrika Mashariki imezika watoto wengi waliokufa mabwenini, ambako wengi wetu tulilala deka kwa mara ya kwanza. Shule ya Kyanguli huko Machakos mwaka 2001, na Hillside Endarasha huko Nyeri Septemba 2024, ambako watoto 21 walipoteza maisha, ni majina yasiyosahaulika. Mwongozo wa usalama shuleni wa Kenya wa mwaka 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda na njia ya katikati ya mita 2, ili watoto waweze kutoka. Nyumbani vipimo hivyo haviwezekani, lakini maana yake inawezekana: kitanda kisiuzibe mlango hata nusu, na ngazi ielekee mlangoni. Moshi hupanda, wa juu huuvuta kwanza. Mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma visiwekwe kabisa chini au kando ya kitanda chenye neti na magodoro mawili ya sponji. Madirisha yetu yana nondo, hivyo mlango mara nyingi ndiyo njia pekee.

Kitanda kikishaingia, kazi ya mzazi inaendelea. Mbao huvimba masika na kusinyaa kiangazi, bolti zinalegea, kwa hiyo spana ipite kwenye nati zote kila baada ya miezi michache. Juu alale mtoto mmoja tu. Binamu wakija likizo, sakafu ipo na godoro la ziada lipo. Anayenunua deka iliyotumika adai bolti zake zote pamoja na kizuizi cha ukutani, ambacho wauzaji wengi hukitupa wakati wa kuhama, na asikubali vipande vilivyoungwa kwa waya. Na siku godoro la juu litakapochakaa, likaja jipya lenye unene tofauti, pima kizuizi upya usiku huohuo kabla mtoto hajapanda.